Aliyeisikia Kwanza

Ofisi ya Uhariri
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kwa Bi Hamdiya Muhsin, Tegeta
Kwa Mwalimu Apolonia Apolinari, Goba

Ndugu waandishi,

Tangu Ijumaa mmenipigia simu kuliko mke wangu, na wote wawili mnasema jambo moja: hadithi ni yangu. Sasa mie si hakimu. Kitabu cha Mwalimu Apolonia, *Aliyeazimisha Jina*, kilikuwa kiingie mtamboni wiki hii. Bi Hamdiya naye ana mswada wake mezani kwangu, na ndani yake imo hadithi hiyohiyo: mwanamke anamwazimisha jirani yake jina kwa siku moja ya harusi, na jirani hataki kulirudisha.

Nimesimamisha uchapaji. Andikianeni wenyewe, nakala mnipe. Msitumiane sauti za simu, maana zinafutwa, halafu kila mtu anakana. Msipoelewana mpaka mwisho wa mwezi, hadithi inatoka kwenye vitabu vyote viwili. Najua kwa Mwalimu hiyo ina maana hakuna kitabu. Samahani sana, lakini sina njia nyingine.

Ferdinand,
Mhariri

*

Tegeta
5 Agosti 2025

Mwalimu Apolonia,

Sina maneno mengi. Kipande cha kitabu chako nilikisoma kwenye ukurasa wa mchapishaji nikiwa hapa dukani. Mteja ananyoosha mkono apewe unga wake, mie nimeganda na simu. Nilihisi mtu kaingia chumbani kwetu bila kupiga hodi.

Ile hadithi ni ya bibi yangu, Bi Arwa. Enzi zake Manzese alikuwa somo, ndiye aliyekuwa akiwafunda mabiharusi wa mtaa mzima. Anamweka mwali ndani, anamsinga, anamfukiza udi, na mikono ikifanya kazi mdomo unasimulia. Hadithi ya ndani hiyo, ya wanawake watupu. Hata babu hakuijua. Mie mwenyewe niliisikia nilipokuwa naolewa na Muntasir, nimelala kwenye mkeka, singo imenikaukia mwilini, siwezi hata kujikuna.

Sasa wewe umeipata wapi? Umeandika: "Wakamvisha singo ya rangi ya dhahabu, ikaburura mpaka mlangoni." We Mwalimu! Singo haivaliwi! Singo ni maua na liwa na dalia vilivyosagwa, anasuguliwa nayo biharusi mwili mzima ang'ae. Umemvisha mtu sabuni! Mwenye mali anaijua mali yake, mwizi ndiye anayeishika kichwa chini miguu juu.

Bibi ameumia sana. Anasema kitabu kisitoke.

Hamdiya Muhsin

*

Goba
8 Agosti 2025

Bi Hamdiya,

Salamu. Barua yako niliiacha mezani kwanza, hasira ishuke. Mwalimu akiandika na hasira anashika kalamu nyekundu.

Kuhusu singo, ahsante. Kwa kweli sikujua. Nilicheka peke yangu hadi binti yangu Gladness akaja kuchungulia. Niliandika nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia alisema ni vazi.

Lakini mimi si mwizi, na neno hilo limenichoma. Nafundisha Kiswahili, kila muhula narudisha insha za watoto walionakiliana. Leo nami niitwe hivyo? Hadithi hii nilipewa na baba yangu, Apolinari. Alitusimulia mimi na kaka yangu Gibson tangu tuko wadogo wa kubebwa. Amefariki Novemba iliyopita. Nilikuwa nimemwahidi kwamba ataishika mkononi ikiwa kitabu, kina jina lake ukurasa wa kwanza, na sikumuwahi. Kilichobaki ni ile ahadi, na sasa wewe umeikalia. Ndiyo maana sitakubali kirahisi.

Na mimi nina swali. Mhariri amenitumia hadithi yako. Umeandika: "Kila mgeni akapewa bilauri ya rubisi baridi, hata sheikh akaomba ya pili." Mdogo wangu, unajua rubisi ni nini? Ni pombe. Pombe ya ndizi ya kwetu Kagera, ikichacha vizuri inamlaza mwanamume mzima kwenye migomba. Umemlewesha sheikh kwenye harusi!

Basi nauliza kwa unyenyekevu: hadithi ya ndani ya Manzese imepataje rubisi? Na kama ni hadithi isiyotoka nje, imefikaje kwenye mswada wako?

Apolonia Apolinari

*

Tegeta
10 Agosti 2025

Mwalimu,

Astaghfirullah! Mie nilidhani ni sharubati! Bibi anaitaja kwa utamu, eti rubisi inateremka kooni hiyoo, nikajua ni jina la kizamani la juisi fulani. Muntasir kacheka mpaka kakaa chini. Sasa kila nikimpa juisi ananiuliza kama imechacha. Nimeshaifuta, na Mungu anisamehe.

Pole sana kwa kufiwa na mzee. Ningejua nisingeanza vile nilivyoanza. Lakini pole ni pole, na hadithi ni hadithi. Hilo swali lako la mwisho nalo limenikera, kwa sababu sina jibu zuri. Mie ni mjukuu wake, ndiyo jibu langu.

Tangu jana nazunguka na rubisi kichwani. Wateja wananiita mara mbili mbili, sisikii. Bibi yangu hajawahi kufika Kagera. Nimempigia ami yangu Mohammed, anayejua habari zote za ukoo, kasema kwetu hakuna aliyevuka Morogoro. Sasa neno la Kagera limeingiaje mdomoni mwa Bi Arwa? Labda mama yako alisingwa na Bibi, akaibeba hadithi kwenda nayo kwenu? Mwanamume hawezi kuwa kaisikia. Labda alikuwa chini ya kitanda, kama ni hivyo niambie tu.

Halafu nataka kujua, ya kwenu inaishaje? Kile kipande hakikufika mwisho. Ya kwetu, siku ya harusi sheikh analiita lile jina, na mwenye jina anaitika "Labeka!" kutoka nyuma kabla biharusi hajafungua mdomo. Basi anaolewa yeye. Yule muazimaji anarudi kwao mikono mitupu. Funzo: cha kuazima si chako.

Hamdiya

*

Goba
13 Agosti 2025

Mdogo wangu Hamdiya,

Mama yangu, Auleria, aliolewa parokiani kwetu Kagera kwa nyimbo za kwaya. Singo hajaiona mpaka leo. Nimempigia kumuuliza, akaniuliza kama naumwa.

Kwetu inaisha tofauti. Jina linapoitwa, mwenye nalo ananyamaza. Anamwacha mwenzake aitike. Kisha anatoka bila jina, hakuna anayeweza kumwita kula wala kumwita shambani, mpaka anafika kwa fundi. Fundi anamwambia: leta vipande. Anaomba kwa kila jirani kipande kidogo cha jina lake, kwa huyu mwanzo, kwa yule mwisho, na fundi anamshonea jina jipya ambalo halijawahi kuwa la mtu. Nikiwa mtoto hapo nilikuwa nalia kila mara, wala sijui kwa nini.

Sasa nitakwambia jambo, na najua nikilisema huenda nakukabidhi ushindi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona bora nijue ukweli kuliko nibaki na kitabu.

Kila nilipomuuliza Baba hadithi ameitoa wapi, alijibu neno moja: "Dirishani." Nilidhani anatania. Baba alikuwa fundi cherehani. Kabla hatujahamia Goba alishonea Manzese, kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mwarabu mmoja. Watu wananunua kitambaa ndani, wanatoka nacho nje kwa Baba. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, lenye pazia. Alisema ndani kulikuwa na mama mmoja, msimulizi hasa. Baba alisikia vipande tu, kwa sababu akikanyaga cherehani hasikii, na akiacha kukanyaga wateja wanalalamika. Palipokosekana alijaza mwenyewe. Mwisho hakuwahi kuusikia, maana wanawake wakifika pale walikuwa wanapiga vigelegele vinafunika kila kitu. Aliwahi kuniambia, "Nusu nimeiba, nusu nimeshona," akacheka. Mimi nilisikia ile nusu ya pili tu.

Mwenye duka aliitwa Mzee Twalib. Je, unamfahamu?

Apolonia

*

Goba
19 Agosti 2025

Hamdiya,

Kimya chako nimekielewa vibaya au vizuri, sijui. Mhariri amenipigia, nimemwambia sina habari. Jana nilitoa kwenye kabati suti ya mwisho aliyoishona Baba, nikakaa nayo. Kama mnamfahamu Mzee Twalib, sema tu. Nitakiondoa kitabu mwenyewe, nisingoje kuondolewa.

Apolonia

*

Tegeta
21 Agosti 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nisamehe kimya, na nisamehe shikamoo ambayo sikuitoa tangu mwanzo.

Mzee Twalib ni babu yangu.

Kuna lingine. Nilikuandikia kwamba Bibi ameumia na anataka kitabu kisitoke. Bibi alikuwa hajui chochote. Sikumuuliza. Niliogopa akijua hadithi yake ya ndani iko kwenye simu za watu, presha itapanda. Basi nikamsemea. Barua yako ilipokuja nilizunguka nyumba siku kadhaa, mwisho nikaingia chumbani kwake, nikakaa mkekani, nikasema: "Bibi, kuna mtu ana hadithi yako ya mwanamke aliyeazimisha jina."

Akaniambia, "Ipi? Ile ya Fundi?"

Nikamwambia hapana Bibi, ile yako.

"Ile si yangu," akasema. "Mie nimemuibia Fundi."

Wallahi! Hebu sikiliza alichoniambia. Baba yako alikuwa fundi kama mafundi wote: nguo ya Jumatano inakuwa tayari Jumatatu ya pili yake. Mteja akija na moto wake, Fundi anamvutia kigoda, anaanza kusimulia. Mteja anasahau alichofuata, anaondoka anacheka, nguo haijatiwa hata pindo. Sikukuu ikikaribia, hadithi inarefuka. Na Bibi yuko ndani ya dirisha, kashika bakuli la singo, anasikiliza. Kipande anachokipenda anakichukua, jioni anampa biharusi. Rubisi kaisikia hapohapo. Aliona Fundi anavyoisifia, akajua ni sharubati ya kwao!

Nikamwambia, "Bibi, Fundi aliwaambia wanawe kwamba yeye ndiye aliyeisikia kwako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba kingine. Akasema alikuwaga anashangaa. Anamsikia Fundi leo ana kitu ambacho jana hakuwa nacho, harusi, udi, biharusi kafungiwa ndani, na anajiambia mwanamume huyu ana akili za ajabu, kayajua wapi haya? Kumbe ni yake mwenyewe yanamrudia. Anayachukua tena, anatia chumvi, anayasema kwa sauti. Nje, Fundi ameacha kukanyaga.

Nikamuuliza nani alianza basi. Akasema ni Fundi. Na wewe umesema baba yako alisema ni Bibi. Mwalimu, kila mmoja anamtaja mwenzake! Mie na wewe ndio tuliokuwa tunagombea, wao wenyewe hakuna aliyejiona mwenye hadithi.

Halafu akauliza Fundi hajambo. Nikamwambia amefariki. Alilia, Mwalimu. Bibi yangu si mtu wa kulia. Akanigombeza kwa nini hakuna aliyemwambia akaenda kuhani, awape wafiwa pole, mie sikuwa hata najua kama kuna msiba. Alipotulia akafuta macho na upande wa kanga, akaniuliza, "Aliimalizaje?"

Nikamsomea mwisho ule wa kwenu. Akasema ule wake hajawahi kuupenda. Aliutia kwa sababu maharusi walihitaji funzo.

Nimemwandikia mhariri. Madai yangu nimeyafuta, kitabu chako kitoke.

Mdogo wako,
Hamdiya

*

Goba
23 Agosti 2025

Mdogo wangu Hamdiya,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Gladness anisomee kwa sauti.

Baba alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyemwibia mama wa watu hadithi. Alikuwa analibeba jambo hilo kwa mzaha, lakini alilibeba. Natamani angejua.

Furaha yangu haijakamilika, kwa sababu kitabu chenye jina la Baba peke yake sasa kitakuwa cha uongo. Nataka jina la Bibi liwe pale karibu na lake. Ila naogopa. Wewe umesema ni hadithi ya ndani, na mimi sitaki kumtoa nje mtu aliyejiweka ndani. Muulize, na safari hii muulize kweli.

Nisalimie Muntasir. Mpe juisi isiyochacha.

Apolonia

*

Tegeta
25 Agosti 2025

Mwanangu Apolonia,

Mie Arwa nasema, Hamdiya anaandika, na nimemkataza asipambe.

Kwanza nakupa pole ya baba yako. Imechelewa, lakini ipokee. Miaka yote ile tulisalimiana tu. Fundi hujambo, sijambo mama, basi. Chai yake naipeleka kwa mkono wa mtoto. Mie mke wa mtu, yeye mume wa mtu, na Manzese watu wana macho. Kumbe kutwa tulikuwa tunazungumza, na hakuna aliyejua kama mwenzake anamjibu. Hilo limenifurahisha sana na limeniuma vilevile. Ningejua ningemuuliza mengi, na ile rubisi angenieleza mapema, nisiaibike kwa maharusi wa watu.

Pili, mnaogopa kama nitaona haya jina langu kutoka nje. Sioni haya yoyote. Niandikeni! Andikeni Arwa binti Salim, msiandike mke wa Twalib wala mama Mohammed, hayo nimeitwa vya kutosha. Wanawake wote niliowasinga wameibeba hadithi majumbani kwao na hakuna hata mmoja aliyesema kaitoa wapi. Nami sikusema. Safari hii isemwe. Jina la Fundi liwe la kwanza, kwa sababu yeye hayupo wa kujigombea.

Tatu, huyu Hamdiya kanisomea mwisho wa baba yako kama anasoma bei za mchele. Sikuridhika. Njoo unisomee wewe, binti yake. Lakini usiingie ndani kwanza. Chumba changu kina dirisha la uani, utawekewa kiti nje. Hadithi hii sijazoea kuisikiliza mtu akiwa ananitazama. Ukimaliza ndipo utaingia, utakunywa chai, nikuone umefanana na nani.

Arwa binti Salim

*

Goba
31 Agosti 2025

Ndugu Ferdinand,

Najua tumeshakubaliana wote, na najua kesho asubuhi mtambo unaanza. Naomba usimamishe. Ndiyo, ni mimi ninayesema hivyo, mimi niliyekupigia simu asubuhi, mchana na jioni nikilia kwamba kitabu kitoke.

Jana nilikwenda Tegeta. Hamdiya alinipokea kituoni, tukakumbatiana kwa aibu kama watoto waliopigana shuleni. Nikakaa kwenye kiti uani, chini ya dirisha. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikasoma. Mwanzoni niliona haya kusomea ukuta. Nilipofika pale fundi anapomkabidhi yule mwanamke jina jipya, nikafunga karatasi, nikadhani nimemaliza.

Halafu sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: "Miaka ikapita. Yule muazimaji akarudi."

Nilitoa kalamu.

"Akarudi na lile jina, kalifua, kalipiga pasi, kalikunja. Akasema, dada, nimekuletea chako, nimekaa nalo muda mrefu mno. Mwenyewe akalipokea, akalijaribu. Likambana kwapani. Akavuta huku, akavuta kule, haliingii. Lilikuwa limeshafuata mwili wa mwenziwe. Basi wakatazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini, na yule akaondoka nalo."

Ndugu Ferdinand, hayo ya kwapani ni maneno ya Baba. Ndivyo alivyokuwa akisema mteja akinenepa. Sikuwa nimeyasoma, hayamo kwenye mswada, na Baba hakuwahi kuyatia kwenye hadithi hii. Bibi aliyachukua lini, hata yeye hakumbuki. Nilimuuliza kupitia pazia kama ni ya Fundi au ni yake. Akasema, "We andika."

Nimeandika. Usiku nilipoyasoma tena nikaona mle ndani mimi pia nimeongeza neno langu moja, bila kukusudia, na sitakwambia ni lipi.

Ukurasa wa mwisho unabadilika. Majina ya mbele ni mawili: Apolinari, kisha Arwa binti Salim. Nipe wiki moja. Nilikuwa na haraka kwa ajili ya mtu ambaye hawezi tena kukisoma. Sasa yuko anayekingoja, anasikia vizuri, na bado ana la kusema. Kitabu cha Baba kikichelewa, kichelewe.

Apolonia Apolinari